Yustina Asije Mashimoni

Mashimoni, Ifakara
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Wensislaus,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, mgeukie Mama umwamkie kwa niaba yangu, maana najua amekaa karibu nawe akisubiri kusikia jina lake. Mwambie Leonsia anasema kamwene, na anauliza kama goti linamsumbua bado katika ukungu huu wa Uchindile, na kama zile soksi za sufu anazivaa au amezifungia sandukuni zisubiri sikukuu. Wewe kifua kimepoa? Wifi yangu ameshapona mkono? Mahindi yamebeba, au nguruwe wameshafika kabla yenu? Sisi huku hatujambo, kwa maana kwamba tunaamka na kwenda kazini. Shemeji yako Kasian anawasalimu. Amekaa mlangoni anasafisha mwiko wake wa kujengea, na kila mara ananiuliza mbona naandika kwa nguvu hivyo, nitatoboa karatasi.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule mama anayeleta viazi kwa treni. Nilikuwa jikoni, mikono ina mafuta, nikamwomba mteja mmoja anisomee. Aliposoma kwamba binti yako Yustina ana mimba, nilipiga kigelegele hadi watu waliokuwa wanakula wali wangu wakaacha vijiko. Mtoto niliyembeba mgongoni leo naye anabeba! Mungu ashukuriwe. Kisha yule mteja akaendelea kusoma. Umesema mmekaa kikao, wewe na wifi na upande wa mkwe, mkakubaliana Yustina aje akae kwangu kuanzia sasa hadi ajifungue, kwa sababu huku ni mjini, na mjini kuna madaktari, kuna umeme, kuna kila kitu.

Kaka, hapana. Asije.

Ningekupigia simu, lakini mtandao wa kwenu hukatika pale pale mtu anapofikia neno lenye maana, na hili sitaki likatike. Ndiyo maana nimenunua karatasi. Utaniona nina ukali katika barua hii. Nivumilie, mimi mdogo wako. Hasira yenyewe si ya kwako, ingawa wewe nawe umenichoma kidogo ulipoandika "huko kwenu mlipoendelea". Nani ameendelea? Ngoja nikueleze.

Wewe ulifika hapa mara moja tu, tulipohamia. Unakumbuka palikuwa na mashamba ya mpunga, nyumba chache na njia ya ng'ombe. Palikuwa kitongoji, na tulikuwa na zahanati. Ndogo, vyumba viwili, bati limeshika kutu, lakini alikuwepo nesi Hawa, aliyekuwa anamjua kila mwanamke mwenye tumbo kwa jina. Ukikosa kliniki, alikuja mwenyewe na kandambili zake hadi mlangoni, akasema, "Naona umeniogopa leo. Haya, twende." Chandarua alikupa. Dawa za kukinga malaria kwa wajawazito ulimezea mbele yake, maana hakumwamini mtu anayesema nitameza nyumbani.

Halafu mji ukakua. Watu wakaja kutoka kila upande: Wasukuma waliochoka kuhama na mifugo, vijana waliotoka kwenye mashamba ya miwa, Wapogoro, Wandamba wenyewe, sisi wa milimani. Kule juu, upande wa barabara ya lami, watu wenye uwezo wakaanza kujenga. Na nyumba zinataka matofali, na matofali yanataka udongo. Udongo mzuri wa kufyatulia uko wapi? Uko kwetu bondeni. Akaja bwana mmoja, watu wanamwita Bosi Tofali, akanunua mashamba ya watu waliokuwa na shida, akaanza kuchimba. Tanuru juu ya tanuru. Kila tofali lililopanda kule juu liliacha nafasi yake hapa chini. Masika yalipokuja, nafasi hizo zikajaa maji. Sasa tuna mashimo manne makubwa, kila moja ungeweza kuingiza kanisa lenu ndani na usione msalaba. Maji hayakauki hadi kiangazi kinakwisha. Juu yana kijani kama mchuzi wa mlenda, chini yanachemka viluwiluwi vya mbu. Ndipo mtaa wetu ulipopata jina.

Kule juu, madirisha yana nyavu, maji yanatoka bombani, na barabara mpya ina mitaro mizuri ya zege. Unajua mitaro hiyo inamwaga wapi? Kwetu. Mvua ikinyesha, uchafu wa mji mzima unakuja kututembelea. Unapita juu ya vyoo vyetu, unaingia katika visima vyetu vifupi, na sisi tunachota. Wiki mbili baadaye utasikia mtaa mzima watoto wanaharisha, na mtu wa kule juu anasema, "Watu wa Mashimoni hawanawi mikono." Kaka, ningekuwa na maji ya kunawia ningeanza kwa kumnawisha yeye mdomo.

Jambo lenyewe lililoniwasha moto ni hili. Mji ulipokua, tukapandishwa. Tukaambiwa nyinyi si kitongoji tena, nyinyi ni mtaa, mko mjini. Tulicheza ngoma siku ile! Mimi mwenyewe nilipika. Hatukujua tunasherehekea nini. Baada ya muda nesi Hawa akahamishwa, na zahanati ikafungwa. Sababu tuliyopewa ni kwamba watu wa mjini wako karibu na hospitali, zahanati zinahitajika zaidi vijijini. Vyandarua vya kugawa navyo vikapita mbali nasi. Jengo letu likapangishwa. Leo ni stoo ya saruji. Pale nilipokuwa nakaa kwenye benchi kusubiri kupimwa, pamepangwa mifuko ya kujengea kule juu.

Sasa nikwambie habari ya Mbuke.

Mbuke ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Binti wa Kisukuma, rika moja na Yustina wetu, mpole, anacheka akiwa ameziba mdomo na kiganja. Mumewe anaitwa Masanja. Walikuja na ng'ombe wa ukoo wao hadi Malinyi, wakaachana na ukoo, wakaja mjini kutafuta maisha yao. Mbuke ananiita mayu, ndiyo mama kwa lugha ya kwao, na kwa kweli nimemlea. Alipopata mimba ya kwanza alikuja kuniambia mimi kabla ya Masanja.

Zahanati ingekuwepo, nesi Hawa angemshika siku hiyo hiyo. Haikuwepo. Kliniki ya karibu sasa iko ng'ambo ya pili ya mji. Njia yenyewe inapita kalavati letu, na kalavati hilo lilizolewa na maji ya ile mitaro mapema tu masika. Ukitaka kuvuka unavua viatu, unainua nguo hadi kiunoni, unaomba Mungu. Mbuke alikwenda mara moja, akateleza, akarudi amelowa hadi kifuani. Hakwenda tena. Nilimgombeza. Akaniambia, "Mayu, nikianguka na tumbo hili itakuwaje?"

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki, mvua ya asubuhi imekatika. Masanja alikuwa Malinyi kwenye mavuno ya mpunga. Kasian alikuwa kule juu anapandisha ukuta wa ghorofa. Mimi nilichelewa kwenda jikoni kwangu stendi kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Nikasikia kitu kinagonga ukuta, taratibu, kama mtu anayepiga hodi kwa kiwiko. Nilipoingia kwa Mbuke nilimkuta sakafuni, amejikunja, anatetemeka hadi meno yanagongana. Mwili ulikuwa wa moto, lakini viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Ndani ya kope, vyeupe.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu juzi. Nilidhani itapita."

"Mtoto anacheza?"

Akaniangalia, akageuza uso ukutani.

Nilipiga yowe, wanawake wakaja. Tukaita bajaji. Dereva akafika ng'ambo ya kalavati, akasimama, akapiga honi, akapaza sauti, "Mama, hapa sivuki! Itazama!" Tukapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Wakauliza tuko wapi, tukasema Mashimoni. Wakasema gari lipo, litakuja, lakini litaishia kwenye lami. Kaka, kutoka lami hadi kwa Mbuke mtu mzima mwenye afya anatembea bila kuchoka. Unaweza kuliona lile gari limesimama. Unaliona! Jeupe, linang'aa, na huwezi kulifikia.

Tukachukua mkokoteni wa kubebea matofali. Tukautandika godoro langu, tukamlaza Mbuke, tukafunga kanga ili asidondoke. Wanawake wanne tukausukuma na wawili wakatangulia mbele kupima kina kwa miguu. Kwenye kalavati tuliunyanyua juu juu, maji yanatufika mapajani, yananuka. Mbuke alikuwa anasema kwa Kisukuma maneno nisiyoyajua, kisha akasema kwa Kiswahili, wazi kabisa, "Mayu, msiniangushe." Hatukumwangusha. Vumbi jekundu la matofali lilimganda mwili mzima, hadi alipofikishwa wale wa gari walidhani ni damu.

Nisimseme vibaya mtu wa hospitali. Walitupokea wanakimbia. Walimtundikia damu, walimtundikia dawa, daktari kijana hakukaa chini hata mara moja. Ila nesi mmoja, mtu mzima, alitoka nje akanikuta koridoni nimelowa, akaniwakia: "Nyie ni wa mjini hapa hapa, mnaleta mgonjwa katika hali hii? Jana nimepokea mama kutoka bonde la mbali huko Mlimba, amewahi kuliko nyie! Mlikuwa mnangoja nini?"

Nilifungua mdomo nimweleze habari za kalavati, za zahanati, za mkokoteni. Nikawa nalia kwa hasira kama mtoto aliyesingiziwa. Akanitazama miguu yangu iliyojaa tope hadi magotini, akaenda akaniletea kiti.

Mbuke alipona. Mtoto alizaliwa hana pumzi. Alikuwa wa kiume, amekamilika, ana nywele. Malaria ilikuwa imekula damu ya mama hadi haikubaki ya mtoto.

Masanja alifika kesho yake, bado ana makapi ya mpunga kichwani. Kasian alimtengenezea mtoto sanduku kwa mbao alizoruhusiwa kuchukua pale anapojenga. Wanaume wakaenda kuchimba kaburi pembeni ya mtaa, mahali tulipokuwa tumezoea kuzika watoto wachanga. Walipofika kwenye kina cha goti, maji yakaanza kupanda. Wakahama, wakachimba pengine. Maji. Wakachimba mara ya tatu, maji. Masanja akatupa jembe, akakaa kwenye tope, akasema, "Hata pa kumlaza mwanangu wamepachukua." Nilimsikia kwa masikio yangu. Tulimbeba yule mtoto tukaenda kumzika kwenye kiwanja cha rafiki wa Kasian, kule kwenye mwinuko, kwa hisani. Mbuke hakuliona kaburi, alikuwa bado amelazwa.

Kaka, nadhani sasa umeelewa kwa nini nimesema asije. Wewe unafikiri ukivuka kibao kilichoandikwa Ifakara umeshafika kwa daktari. Mji si kitu kimoja. Kuna mji wa kule juu, na kuna huku chini ambako mji unajisaidia. Madaktari wapo, ni hodari, na Mungu awabariki. Tatizo ni namna ya kuwafikia, na namna ya kutougua kila wiki kabla hujawafikia.

Yustina abaki hapo hapo kwa miezi hii. Nesi wenu anamjua. Zahanati yenu inavuja, najua, lakini iko wazi, na njia ya kwenda haina mto wa kinyesi. Baridi ya huko haina mbu wengi kama wetu. Ahudhurie kliniki kila anapoambiwa, na wewe baba yake usimwambie apalilie kwanza ndipo aende. Akikaribia kujifungua, wiki chache kabla, nesi akishasema yuko tayari kusafiri, mlete kwa treni. Hatakaa kwangu. Nimeshazungumza na dada yake Kasian, yule mjane mwenye chumba cha uani karibu na hospitali, mahali pakavu, pana bomba. Amekubali kwa moyo mweupe. Mimi nitakuwa naenda kulala naye. Kama nesi akiona dalili yoyote mbaya kabla ya hapo, msikae kikao. Mleteni siku hiyo hiyo.

Umeniuliza pia kama ni kweli nimegombana na wakubwa, maana habari imewafikia huko. Ni kweli. Ukisikia kwangu utaelewa.

Kiasi cha mwezi baada ya msiba, uliitishwa mkutano wa mtaa. Alikuja mgeni, mtu nadhifu, mstaarabu, akasema mji umepiga hatua katika afya. Akasema karibu kila mkazi wa mjini sasa anaishi karibu na huduma. Alikuwa na ramani. Akaonyesha duara, akasema nyinyi mko ndani ya duara. Watu wakapiga makofi, mazoea tu. Mbuke alikuwa amekaa pembeni yangu, ameziba mdomo kwa kiganja, lakini hakuwa anacheka.

Nikasimama. Sikupewa nafasi, nilisimama tu. Nikasema, "Baba, hilo duara linavuka maji?"

Akasema, "Samahani, mama?"

"Nauliza, duara lako linaweza kumbeba mjamzito likavuka naye kalavati?"

Watu wakacheka, nikazidi kupanda. Nilitaka kueleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyojiandaa. Wapi! Nilipiga kelele. Nilisema zahanati mmeigeuza nyumba ya saruji, nilisema mashimo, nilisema mbu, nilisema kaburi lenye maji. Nilichanganya yote. Mwenyekiti wa mtaa akaniambia, "Mama Leonsia, kaa chini, unatuaibisha mbele ya mgeni." Nikamwambia aibu anayo yeye. Yule mgeni, nisimwonee, hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba utaratibu unapima umbali, na kwa umbali sisi hatustahili zahanati, na mambo ya mashimo ni ya mwenye mashimo. Kisha akakunja ramani yake. Upole ule ulinikasirisha kuliko tusi.

Nilirudi nyumbani. Kasian akaniambia, "Mke wangu, utafanya nini? Ndiyo mji." Sikumpikia jioni ile. Akajipikia.

Aliyeanza si mimi, kaka, hata kama huko mmesikia ni mimi. Ni Mbuke. Siku ya tatu baada ya mkutano, asubuhi, alitoka na kigoda chake cha kukalia wakati wa kupika, akakiweka katikati ya njia ambapo matipa ya Bosi Tofali yanapita kwenda kuchukua matofali. Akakaa. Nilipomwona nilidhani akili imemruka. Nikamfuata.

"Mbuke, unafanya nini hapa?"

"Nimekaa, mayu."

"Gari linakuja."

"Nalisikia."

Nikaenda kuchukua kigoda changu.

Tipa la kwanza lilipofika tulikuwa wanawake wanane. La pili lilipofika tulikuwa hatuhesabiki, na wengine wamekuja na sufuria zao, wanamenya ndizi pale pale njiani. Dereva wa mbele, mzee mwenye mvi, akashuka akavua kofia. "Mama zangu, mimi natumwa tu."

"Tunajua, baba," nikamwambia. "Na sisi tumekaa tu."

Akarudi kwenye gari, akazima injini, akalala. Nadhani alifurahi kupumzika.

Wakaja vijana wa Bosi kututishia. Akaja mwenyekiti. Akasema tunazuia maendeleo. Mama mmoja Mpogoro, mnyamavu siku zote, akamjibu, "Maendeleo yamepita hapa kila siku, leo yasubiri." Siku iliyofuata tukakaa tena. Jikoni kwangu kulifungwa, wateja wangu wakahama, na sikujali. Kwa mara ya kwanza tangu yule mtoto azikwe nilikuwa nalala usingizi.

Bosi Tofali akaja mwenyewe. Mtu wa kawaida tu, kaka, tumbo kidogo, kikohozi. Akasema sawa, nitafukia shimo moja, lile lililo karibu na nyumba. Tukapiga vigelegele. Kesho yake likaja tipa limejaa udongo mwekundu, safi. Wanaume wakashangilia. Kasian alikuwepo, akauchukua ule udongo akausugua kiganjani, akamuuliza yule dereva mzee, "Huu mmeuchimba wapi?"

Mzee akakwepa macho. "Kule ng'ambo ya reli, kwenye viwanja vipya."

Viwanja vipya ndiko wanakohamia watu waliokosa hata pa kukaa huku Mashimoni. Walikuwa wanachimba shimo la wenzetu ili kufukia letu! Hapo tukagombana vibaya. Wengine walisema mwageni tu, kila mtu abebe msalaba wake, sisi tumeshazika. Sikuwalaumu, mmoja wao ana wanawe watatu wanaougua kwa zamu.

Mbuke akatoka mbele ya tipa. Sauti yake ni ndogo, ilibidi watu wanyamaze. Akasema, "Kule kuna mwenzangu ana tumbo. Sijui jina lake, ila yupo. Urudishe huo udongo."

Lile tipa lilirudi na mzigo wake. Nitakufa na picha ile.

Ndipo Kasian akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Alisema kule juu anakojenga wanabomoa nyumba za zamani ili waweke ghorofa, na kifusi kinawasumbua, wanatafuta pa kukitupa. "Matofali yalitoka hapa," akasema. "Vipande vyake virudi hapa." Yeye na mafundi wenzake wakaenda kuzungumza na wenye majengo. Bosi Tofali akalazimika kutoa magari, maana tulikuwa bado tumekaa njiani. Kifusi kikaanza kushuka. Vipande vya kuta, vigae, mabaki ya vyoo vya kizungu, vyote vikaingia shimoni. Maji yakawa yanaruka, yanakimbia, vyura wanahama. Wanaume kwa wanawake tulishindilia kwa magogo hadi mikono ikatoka malengelenge.

Shimo moja limefukiwa, kaka. Nalitazama sasa kutoka hapa nilipo. Zahanati bado ni stoo ya saruji. Tumeandika barua ya kuidai, hatujajibiwa. Kalavati tumeliwekea magogo sisi wenyewe. Bajaji sasa inavuka, gari la wagonjwa bado. Mwenyekiti hanisalimii. Wateja wangu nusu wamerudi. Usiwaambie watu huko kwamba tumeshinda, maana si kweli, na nikisikia mtu anasema hivyo nitakasirika upya.

Jana jioni kabla jua halijazama Mbuke alikwenda kusimama katikati ya kile kifusi, peke yake. Amekonda, lakini rangi imerudi viganjani. Nikamfuata taratibu, nikidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa anapiga kisigino chini, hapa na pale, anasikiliza kama pamekaza.

"Pamekuwa pakavu, mayu," akaniambia.

"Pamekuwa pakavu, mwanangu."

Akageuka, akayatazama yale mengine.

"Bado matatu," akasema, akaenda kuingiza kigoda chake ndani kisinyeshewe.

Kaka, kalamu inaisha wino. Msalimie wifi yangu, mwambie asininunie kwa kumnyima Yustina mji. Msalimie shemeji yake Yustina yule anayefanya kazi kwenye mashamba ya miti, nimesikia ndiye aliyetaka sana aje; hii barua asomewe yote, asirukiwe kitu. Msalimie padri wetu mzee kama bado anaona vizuri kusoma misa. Msalimie na nesi wenu, hata kama hanijui. Mwambie kuna mwanamke huku bondeni anamwombea asihamishwe. Yustina mwenyewe mshike tumbo kwa mkono wangu, umwambie shangazi yake anamsubiri mahali pakavu.

Mama nimemwamkia mwanzo, namuaga sasa. Soksi azivae, baridi haingoji sikukuu.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, mwenye hasira na mwenye afya,

Leonsia